UZI: WITCH wa Kitwe, bendi ya rock iliyozaliwa kwenye migodi ya shaba

Santuri Kuukuu

Wakuu, salaam kwenu wote. Wenye shikamoo zao nawapa.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisikiliza LP tano, yaani santuri ndefu zenye albamu nzima, za bendi moja ya Zambia kwa mpangilio zilivyotoka, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, bila kuruka wimbo. Nimefika mahali siwezi kukaa nayo mwenyewe moyoni, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Bendi inaitwa WITCH. Ukilisoma jina kama neno utadhani ni mchawi, na naamini wazazi wengi wa wakati ule walishtuka. Lakini ni kifupisho cha We Intend To Cause Havoc, yaani tumekusudia kuleta vurugu.

Ninachotaka kusema ni kimoja, na nitakitetea mpaka mwisho: hawa jamaa hawakuiga rock tu. Walianza kwa kuiga kama kila mwanamuziki anavyoanza, halafu albamu kwa albamu wakairudisha nyumbani, na ukisikiliza kwa mpangilio unaisikia safari yenyewe ikitembea.

Tuanze na mahali. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na ilikuwa nchi ya shaba. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni zilitoka kwenye madini hayo. Shaba ilichimbwa ukanda wa kaskazini, Copperbelt, kwenye miji ya Kitwe, Mufulira, Chingola, Luanshya na mingineyo. Mwaka 1969 Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya hisa za makampuni ya migodi. Mishahara ilikuwepo, vijana walisoma, na kwenye mitaa ya wachimbaji kulikuwa na kumbi za starehe zilizojengwa na makampuni yenyewe.

Na kulikuwa na santuri. Wazungu waliokuja kufanya kazi migodini walikuja na muziki wao, maduka ya mjini yaliuza Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple, Black Sabbath, Grand Funk Railroad. Usiku vijana walitega redio ya LM kutoka Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, ili wasikie vibao vipya. Mwaka 1970 James Brown mwenyewe akatua Zambia. Sasa mchukue kijana wa miaka 18 wa Kitwe, mwenye masikio mazuri na gitaa la kuazima, mwekee yote hayo mbele yake. Unategemea atapiga nini?

Kitu kingine kilichosaidia ni amri ya Kaunda kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Wazambia. Redio ikahitaji nyimbo za nyumbani, na ghafla bendi za vijana zikawa na sababu ya kuacha kopi na kutunga za kwao. Wakatunga kwa lugha ya muziki waliyoijua, yaani gitaa la umeme lenye kelele. Mtangazaji Manasseh Phiri ndiye anayetajwa kuupa mtindo huo jina la Zamrock.

Kikosi cha WITCH kilichojulikana zaidi kilikuwa hivi: Emmanuel Chanda kwenye sauti, Chris Mbewe gitaa la solo, John Muma gitaa la rithim, Gedeon Mwamulenga besi, Boidi Sinkala drams. Chanda ndiye aliyeitwa Jagari. Jina hilo ni la Mick Jagger wa Rolling Stones, limepitishwa kwenye ulimi wa Kibantu mpaka likapata irabu mwishoni. Mimi nalipenda sana. Ukilitamka tu unasikia tayari kuna kitu kimebadilishwa.

Kabla ya WITCH, Jagari aliwahi kuimba na bendi za kopi, ikiwemo Red Balloons. Huko ndiko alikojifunza kumiliki jukwaa. Maonyesho yao hayakuwa ya saa moja kama tulivyozoea sasa. Walianza saa moja jioni wakamaliza saa nane usiku, na kwa muda wote huo bendi ilitakiwa iwe na nyimbo, pumzi na akili. Ukipiga saa saba mfululizo kila wikiendi, hakuna shule ya muziki itakayokufundisha zaidi ya hapo.

LP ya kwanza ni Introduction, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ndiyo LP ya kwanza ya bendi ya Zambia kuingia sokoni. Haikubebwa na kampuni kubwa. Walirekodi kwa juhudi zao, na santuri zikachapwa Nairobi kwa sababu ndiko kulikokuwa na mtambo. Sauti yake ni mbichi. Unasikia vijana wamefungiwa chumbani na vifaa vichache, rekodi ikienda na kila kitu, makosa na yote. Ya pili ni In the Past ya 1974, na hapo uimbaji umetulia na nyimbo zina mipangilio.

Hizo mbili ni za wanafunzi hodari. Unaweza kunyoosha kidole ukasema hapa ni Stones, hapa ni Hendrix, hapa wamemsikiliza James Brown. Mambo yanabadilika kwenye ya tatu. Naandaa post inayofuata, nipeni muda.

Dada Redio

Nimekaa siti ya mbele kabisa mkuu, shusha. Sikuwahi kujua kwamba santuri za Zambia zilikuwa zinachapwa Nairobi.

Besi ya Tatu

Nairobi ilikuwa kitovu kaka. Si kuchapa tu. Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, walihamia kabisa Kenya kufanya kazi, na LP yao Wings of Africa waliirekodi huko. Jina lao ndilo jina la maporomoko ya Zambezi, moshi unaonguruma. Ililonga baadaye akaenda zake Denmark. Mleta uzi endelea, ila naomba usimsahau mpiga besi wa WITCH. Wapiga besi huwa tunasahaulika.

Santuri Kuukuu

Simsahau mkuu, naanza naye.

Lazy Bones!! ilitoka 1975, na kama una nafasi ya kusikiliza albamu moja tu, iwe hii. Vaa hedifoni, zima taa, sikiliza Gedeon Mwamulenga anachofanya. Besi yake haikai chini kushikilia paa tu. Inatembea, inapanda, inauliza swali, gitaa linajibu. Wenye nchi zao walimwita Giddy King, na hilo la "king" hakupewa bure.

Halafu ingia kwa Chris Mbewe. Kwa wasiopiga gitaa, ngoja nieleze fazi ni nini, maana bila fazi hakuna Zamrock. Ni kidude cha chuma kinachowekwa sakafuni, unakikanyaga. Kinachukua sauti safi ya gitaa, kinaipandisha mpaka inagonga dari, kisha kinakata kila kilele. Kinachobaki ni sauti yenye kingo, inakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye kokoto, na noti haifi haraka, inaning'inia. Kifaa cha pili ni wawa, pedali unayoisukuma kwa kisigino na vidole, na gitaa linafungua na kufunga mdomo kama mtoto anayelia. Mbewe anavitumia vyote viwili, wakati mwingine pamoja, na ajabu ni kwamba hapotezi wimbo ndani ya kelele. Solo zake unaweza kuziimba kwa mdomo. Jaribuni.

Sasa jambo ambalo limenichukua muda mrefu kuligundua. Kwenye rock ya Uingereza ya miaka ile, Black Sabbath wa Birmingham kwa mfano, kila chombo kinajazwa mpaka pomoni. Ukuta mzima ni tofali. Lazy Bones!! ina nafasi. Gitaa zito linapiga fungu, linanyamaza, na kwenye ule ukimya unasikia drams za Boidi Sinkala zinaendelea kwa wepesi, kama mtu anayecheza huku amebeba mzigo. Huo wepesi haukutoka Birmingham. Umetoka kwenye ngoma za nyumbani, kwenye watu waliozoea kwamba muziki ni wa kuchezwa kwa miguu, hata ukiwa wa huzuni.

Na huzuni ipo. Mwaka 1975 bei ya shaba ilikuwa imeporomoka duniani. Mpaka na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ulifungwa tangu 1973. Agosti 1975 reli ya Benguela kupitia Angola nayo ikafungwa kwa sababu ya vita. Nchi isiyo na bahari ikajikuta njia zake za kutoa shaba zinazibwa moja baada ya nyingine, na TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa bado haijakabidhiwa rasmi mpaka 1976. Nyimbo za Lazy Bones!! hazitaji hata moja kati ya haya. Ila nikizisikiliza sioni vijana wanaojifurahisha tu. Kuna uzito.

Jiwe Kavu

Mkuu heshima kwako, umechambua vizuri. Lakini niseme ukweli wangu. Bado naona ni uigaji. Jina la Mick Jagger, nywele za Hendrix, Kiingereza, gitaa la umeme. Wakati huohuo Wakongo walikuwa na rumba yao, sisi tuna taarab na dansi, Wazulu wana mbaqanga. Hao wa Zambia kwa nini wachukue muziki wa mzungu halafu tuuite wao? Siko hapa kubishana, nataka kuelewa.

Santuri Kuukuu

Swali zuri na nakushukuru kuliuliza kwa ustaarabu.

Kwanza, rock si ya mzungu kwa kuzaliwa. Rolling Stones walichukua jina lao kwenye wimbo wa Muddy Waters, Mmarekani mweusi kutoka Mississippi. Hendrix alikuwa Mmarekani mweusi. Vijana wa London walikaa vyumbani wakinakili santuri za blues kama vile vijana wa Kitwe walivyokaa wakinakili santuri za London. Kijana anayeitwa Jagari kwa sababu ya Jagger, Jagger ambaye naye alijifunza kwa Muddy Waters, yuko ndani ya mzunguko ambao wazee wake waliuanza.

Pili, hiyo rumba ya Kongo unayoitaja ilijengwa kwa kusikiliza santuri za Kuba. Hatusemi Franco alikuwa anaiga Wakuba. Tunasema alichukua akafanya yake. Gitaa lenyewe limekuja kwa meli. Kinachopimwa ni mtu amefika wapi nacho.

Tatu, kuhusu Kiingereza. Zambia ina lugha zaidi ya 70. Jagari alipoimba Kiingereza alikuwa anafikia ukumbi wa Kitwe ambao ndani yake kuna Mbemba, Mlozi, Mtonga, Mchewa na Mnyasa aliyekuja kutafuta kazi mgodini. Sikia lafudhi yake lakini. Hajaribu hata kidogo kujifanya mtu wa London. Silabi zinaanguka pale ambapo mtu wa Copperbelt angeziangusha.

Na wote hawakuimba Kiingereza. Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family waliimba sana Kinyanja, tena mambo ya mtaani, ndoa, ulevi, majirani. Paul alikuwa anapiga gitaa kwa meno. Alifariki 1989. Kama WITCH walikuwa wanafunzi wa muziki, Paul Ngozi alikuwa mwandishi wa habari wa mtaa.

Nne, na hapa naomba unipe sikio: sikiliza albamu ya nne, halafu urudi tuzungumze.

Mwana Tunduma

Albamu ya nne inaitwa Lukombo Vibes, ya 1976, sivyo? Mimi nimekulia mpakani, Kibemba nakisikia tangu utoto. Lukombo ni kibuyu, kile cha kuchotea maji au pombe. Sasa fikirini bendi ya gitaa za fazi inaamua albamu yake iitwe mitetemo ya kibuyu. Mtu anayeiga mzungu haiti hivyo.

Kwetu mzee mmoja jirani, marehemu sasa, alikuwa akifanya kazi relini na alikuja na santuri kutoka Kapiri. Alikuwa na gramafoni ya betri. Jioni ukipita unasikia Kibemba na gitaa la kukwaruza. Mimi mtoto niliogopa ile sauti, nikadhani spika imepasuka. Leo ndio najua ilikuwa fazi.

Santuri Kuukuu

Mwana Tunduma umenigusa sana, kuliko unavyodhani. Asante kwa hiyo ya kibuyu.

Ndiyo, Lukombo Vibes ndiyo mlango. Nyimbo za lugha za nyumbani zinaingia, na midundo inaanza kufanana na kalindula, ule muziki wa Luapula na kandokando ya ziwa Bangweulu unaopigwa kwa magitaa ya kujitengenezea na besi ya kibuyu au pipa lililowambwa ngozi. Kwenye kalindula besi ndiyo inayoongoza dansi. Sasa rudi kwa Giddy King kwenye Lazy Bones!!, utaelewa kwa nini besi yake ilikuwa haitulii. Ilikuwa imeshajua inakokwenda kabla ya wenzake.

Ya tano, Including Janet ya 1977, imelainika zaidi. Fazi imepunguzwa, gitaa linang'aa, kuna nyimbo unaweza kumwekea bibi yako na akatikisa bega. Wapenzi wengi wa rock huko nje huiona dhaifu. Mimi siioni hivyo. Kwangu ni bendi iliyofika ilikokuwa inakwenda na haina haja ya kupiga kelele tena.

Na hapohapo Jagari akaondoka. 1977, akageukia ualimu. Watu hushangaa mwimbaji mkubwa kuacha bendi akashike chaki, lakini mweke kwenye mahali pake: uchumi umeanguka, umeme unakatika, kuna amri za kutotembea usiku kwa sababu Zambia ilikuwa imewapa hifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe na majeshi ya Rhodesia yalikuwa yanavuka mpaka kuwapiga. Oktoba 1978 walishambulia kambi hadi karibu na Lusaka. Maonyesho ya usiku yakahamia mchana. Bendi iliyokuwa inapiga mpaka saa nane usiku itaishi vipi kwa onyesho la mchana, na watu hawana hela?

Besi ya Tatu

Ngoja niongeze kitu kuhusu hilo kwa sababu nimelipitia, ingawa si Zambia. Nilipiga besi miaka sita kwenye bendi ya ukumbini. Vyombo vilikuwa vya mwenye ukumbi. Gitaa, spika, maikrofoni, hata waya wa kuunganishia. Siku tuliyodai hela zetu za miezi miwili tulikuta stoo imefungwa kufuli jipya. Hakuna ugomvi, hakuna maneno, kufuli tu. Bendi ya watu wanane ikafa asubuhi ile. Mpaka leo nina nyimbo kumi na moja kichwani ambazo hazikurekodiwa popote.

Kwa hiyo nikisikia WITCH walitoa LP tano na Jagari ndani ya miaka kama mitano, tena ya kwanza wakaisukuma wenyewe, nawavulia kofia. Kila mwanamuziki wa dansi anajua hiyo ina maana gani.

Santuri Kuukuu

Pole sana kaka. Hizo nyimbo kumi na moja zirekodi hata kwa simu, nakuomba. Sisemi kwa mazoea.

Dada Redio

Mleta uzi, naona unataka kumalizia 1977 kana kwamba bendi ilikufa. Haikufa! Iliendelea bila Jagari, akaingia Patrick Mwondela kwenye kinanda, na wakatoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984. Ni disko, naam, lakini disko iliyopigwa na watu wanaojua vyombo vyao. Kuomboka ni sherehe ya Walozi, pale Litunga, mfalme wao, anapohama na mashua yake kutoka uwanda wa mafuriko wa Zambezi kwenda nchi kavu. Bendi imeacha fazi, imepanda mashua nyingine, na inatumia jina la mfalme anayehama maji yakijaa. Nyie wapenda gitaa mnapitia hapo haraka kama panauma.

Santuri Kuukuu

Dada, nakiri nilikuwa napitia haraka. Tangu jana nimeisikiliza Kuomboka mara tatu. Sijabadilika kuhusu mashine za midundo, masikio yangu hayazipendi. Ila kinanda cha Mwondela umenifanya nikisikie. Ana ule mkono wa kuacha nafasi, uleule niliousifu kwenye Lazy Bones!!. Na hoja yako ya mashua naichukua nzima.

Kijana wa Biti

Wakubwa shikamooni. Mimi nimekuja hapa kwa njia nyingine kabisa. Tyler, the Creator, albamu yake ya 2024, kuna wimbo unaanza na gitaa la kukwaruza na mtu anaimba lugha ambayo nilihisi naielewa nusu nusu. Nikatafuta, kumbe ni Ngozi Family, wimbo wa 1977, Kinyanja. Maneno mengine ni kama Kiswahili kilichovaa nguo tofauti. Ndiyo nikazama mpaka nikafika kwenye uzi huu. Swali langu: hizi santuri zilipotelea wapi miaka yote hii mpaka sisi tunazisikia kwa rapa wa Marekani?

Santuri Kuukuu

Marahaba kijana. Karibu sana.

Zilipotea kwa sababu mbili, na ya kwanza ni nzito. UKIMWI uliipiga Zambia vibaya miaka ya 80 na 90, na kizazi hiki cha wanamuziki kilikuwa mstari wa mbele. Waliondoka mmoja mmoja. Kwenye kile kikosi nilichokitaja mwanzo, aliyebaki hai ni Jagari peke yake. Mbewe, Muma, Mwamulenga na Sinkala wote wamelala. Bendi ya mtu mmoja aliyebaki haiwezi kujitangaza, na wenzake waliokuwa wanajua nani alipiga nini wapi hawapo wa kuulizwa.

Ya pili ni kwamba santuri zilitoka chache, zikachezwa mpaka mifereji ikafutika, na kaseti zikaja. Kilichookolewa kiliokolewa na wakusanyaji wa nje. Lebo ya Now-Again ya Marekani ilikusanya albamu za WITCH ikazitoa upya, na kazi kama Africa ya Amanaz ya 1975. Hiyo Amanaz nayo itafuteni: wao walitoa michanganyo miwili ya albamu ileile, mmoja mkavu, mwingine umezamishwa kwenye mwangwi, na ukiisikiliza ya mwangwi usiku unahisi umekaa chini ya daraja mvua ikinyesha.

Jagari mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa anachimba vito. Yaani mtu wa Copperbelt alirudi kwenye ardhi. Mwaka 2014 mtengeneza filamu wa Italia, Gio Arlotta, alikwenda Zambia kumtafuta, na kilichotokana na hapo ni filamu ya 2019 na bendi mpya. Mwondela akarudi kwenye kinanda, vijana wa Ulaya wakashika gitaa na besi, na Jagari akapanda jukwaani tena akiwa na zaidi ya miaka 60. Mwaka 2023 wakatoa Zango, iliyorekodiwa Lusaka kwenye studio ya dB, na ndani yake yupo rapa Sampa the Great, binti wa Kizambia wa kizazi chenu. 2025 ikafuata Sogolo.

Naomba msiisikilize Zango mkitafuta Lazy Bones!!. Sauti ya Jagari imezeeka, imepata mchanga. Yeye haifichi, anaipeleka mbele kabisa ya mchanganyo, na wanawake wanaimba naye kwa lugha za nyumbani kana kwamba hiyo ndiyo ilikuwa bendi tangu mwanzo.

Jiwe Kavu

Nimerudi. Uliniambia nisikilize ya nne. Nimesikiliza ya tatu, ya nne na ya tano, jana usiku mpaka alfajiri.

Nitasema kimoja tu. Kuna mahali kwenye Lukombo Vibes gitaa la solo linapiga fazi na chini yake gitaa la rithim linakata mdundo mfupi mfupi, safi, bila fazi. Nilirudisha kama mara tano. Lile la juu nalijua, ni la kwenye santuri za wazungu. Lile la chini nalijua pia. Ni mkono uleule wa mjomba wangu aliyekuwa anapiga gitaa harusini, kidole gumba kinabana nyuzi mbili za juu na vingine vinachokoa.

Nani alikuwa anapiga rithim? Nipe jina lake tena.

Santuri Kuukuu

John Muma. Wenzake walimwita John Music.